Kasuku Eklektusi: Kijani Dume, Mwekundu Jike

Safari hii tumetenga safu yote ya maswali kwa ndege mmoja, kasuku eklektusi wa kisiwa cha Guinea Mpya na visiwa jirani. Barua nyingi kumhusu zina jambo moja linalojirudia: mwandishi anamlinganisha na kasuku wengine aliowahi kuwafuga au kuwaona, kisha anashangaa mambo yanapokwenda mrama. Huyu ana desturi zake, na nyingi zinatokana na tundu la mti ambalo jike hulilinda msituni. Msomaji ataona tundu hilo likijitokeza tena na tena katika majibu yetu, hata pale ambapo ndege anayeulizwa hajawahi kuona msitu.

SWALI: Nimepata kasuku wawili kwa watu tofauti. Mmoja ni kijani, mwingine ni mwekundu mwenye tumbo la buluu. Aliyenipa huyu mwekundu anasema ni jamii mbili tofauti, hawawezi kuzaa. Rafiki yangu anasema ni dume na jike. Nimwamini nani?

JIBU: Mwamini rafiki yako. Wa kijani ni dume, mwekundu ni jike. Kosa la huyo mwingine lina historia ndefu, kwa hiyo usimlaumu sana. Ndege huyu alipewa jina la kisayansi mwaka 1776, na kwa karibu miaka 100 iliyofuata wataalamu wa Ulaya, waliokuwa wakipokea ngozi zake kutoka visiwani, waliwaandika wa kijani na wekundu kuwa jamii mbili. Hadi miaka ya 1870 ndipo Mjerumani Adolf Bernhard Meyer alipotangaza kuwa ni dume na jike wa jamii moja.

Ukitaka kuhakikisha, tazama zaidi ya rangi ya mwili. Dume mzima ana mdomo wa juu wa rangi ya chungwa unaofifia kuwa njano kwenye ncha, na mdomo wa chini mweusi. Akinyanyua mabawa utaona wekundu mkali ubavuni na chini ya bawa. Duara la jicho linalozunguka mboni ni la rangi ya chungwa. Jike ana mdomo mweusi wote, na duara la jicho lake ni njano iliyopauka. Wote wawili hufikia urefu wa sentimita 35 hivi na uzito wa kati ya gramu 400 na 550.

Kwa makinda usitumie mdomo. Wote huanza na mdomo wa hudhurungi usio na maana yoyote kwa jinsia, na huchukua miezi mingi kupata rangi ya utu uzima. Tazama manyoya: yanapoanza kuchomoza, kinda akiwa na wiki tatu au nne, kijani na nyekundu hujitenga waziwazi. Kasuku wengi hawatambuliki jinsia bila kipimo cha damu au unyoya, huyu hakihitaji.

SWALI: Kwa ndege wengi niwajuao, dume ndiye anayejipamba na jike ni wa kijivu au kahawia. Kwa nini hapa mambo yamegeuka? Na je, ina maana dume ndiye anayeatamia?

JIBU: Hapana, dume haatamii, na hilo ndilo lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Kuna ndege wachache ambao jike ana rangi kali kuliko dume, lakini kwa kawaida kwao majukumu pia hugeuka: dume hukaa kwenye mayai na jike hutafuta wenzi. Eklektusi hafuati utaratibu huo. Jike ndiye mwenye rangi ya moto, na jike ndiye anayeatamia.

Ufafanuzi ulipatikana katika msitu wa Iron Range, kwenye Rasi ya York kaskazini mwa Queensland, Australia, ambako Robert Heinsohn na wenzake waliwafuatilia ndege hawa kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Msitu huo leo ni hifadhi iitwayo Kutini-Payamu. Kiini cha habari ni uhaba wa matundu. Eklektusi hutaga ndani ya shimo la mti mkubwa, mara nyingi mita 14 hadi 25 juu ya ardhi, na miti yenye shimo la kufaa ni nadra mno. Jike akipata moja, habanduki hapo. Hukaa mlangoni au ndani yake miezi mingi ya mwaka, mara nyingine tisa au zaidi, na hupigana na majike wengine wanaolitaka, wakati mwingine hadi kuuana. Wekundu wake dhidi ya gome la mti huonekana kutoka mbali, na ujumbe ni mmoja: hapa pana mwenyewe. Adui wa angani akitokea, anarudi nyuma hatua moja na kutoweka shimoni. Rangi kali haimgharimu sana.

Kwa kuwa haondoki, lazima alishwe. Wanaomlisha ni madume, tena si mmoja. Jike mwenye shimo zuri huweza kuhudumiwa na madume watano au zaidi, na dume mmoja naye huweza kuwa na majike zaidi ya mmoja. Dume huzunguka msituni mchana kutwa akitafuta matunda, mbele ya macho ya ndege wawindaji, na kijani humficha kwenye majani. Papo hapo, akifika mbele ya shimo anashindana na wenzake na anahitaji kuonekana. Kijani chake kinatatua yote mawili. Manyoya hayo huakisi miale ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu, ambayo macho ya kasuku huipokea vizuri kuliko macho ya mwewe. Kwa mwewe anayetazama majani, dume amefichika; kwa kasuku anayemtazama akiwa kwenye gome la mti, anang'aa.

Kuna upande mchungu wa habari hii, nao ni wa kweli vilevile. Mashimo mengine hujaa maji mvua zikinyesha, na mayai au makinda huzama. Jike hutaga mayai mawili, huyaatamia siku 28 hivi, na makinda hukaa shimoni wiki 11 hadi 12. Kinda jike huwahi kuruka kwa karibu wiki moja kuliko kinda dume. Katika mashimo mabovu ambamo wameanguliwa wa jinsia zote mbili, watafiti haohao walieleza mwaka 2011 kwamba mama huweza kumuua kinda dume siku za mwanzo, na yule jike anayebaki hupata nafasi nzuri ya kutoka kabla maji hayajapanda. Jambo jingine lisilo la kawaida ni mfululizo wa jinsia moja: jike mmoja aliyefugwa alizaa madume 20 kwa mfuatano kabla ya kupata jike wa kwanza. Kwa hiyo mfugaji anayepata makinda wa rangi moja mara nne au tano mfululizo asidhani kuna ugonjwa.

SWALI: Jike wangu ana duara jembamba la buluu kuzunguka jicho. Wa jirani hana, na mkia wake una njano. Yupi ni halisi?

JIBU: Wote ni halisi, ila asili zao ni tofauti. Wenye pete ya buluu jichoni hutoka upande wa Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon na Australia. Wa Solomon ndio wadogo zaidi kati ya hao. Asiye na pete, mwenye njano kwenye ncha na chini ya mkia na tumbo la zambarau, ni wa Halmahera na visiwa vya karibu, upande wa Maluku kaskazini, Indonesia. Jike mwekundu mtupu, bila buluu popote tumboni, anaashiria kisiwa cha Sumba, au Tanimbar kama mkia una ukanda mpana wa njano. Siku hizi orodha nyingi za kisayansi zimewagawa eklektusi katika jamii nne zilizo hai badala ya moja. Ya tano, ya Tonga na Vanuatu, ilikwisha kutoweka na inajulikana kwa mifupa tu.

Ukikusudia kuzalisha, linganisha kwanza asili za dume na jike. Kwa madume ni kazi ngumu, kwani wote ni kijani na hutofautiana kidogo tu, kwa mfano kwa ukubwa na urefu wa mkia. Mwombe mzalishaji habari za wazazi. Ndege aliyechanganyika ana afya kama mwingine yeyote na anafaa kabisa kuwa mwenza wa nyumbani. Kumzalisha ndiko kunakopoteza nasaba ambazo visiwani kwao zinapungua.

SWALI: Dume wangu anaanza kutoa manyoya meusi mgongoni. Niliambiwa nimpe karoti nyingi ili rangi irudi. Nimempa miezi miwili bila mafanikio.

JIBU: Karoti ni chakula kizuri kwake, lakini haitapaka rangi. Flamingo hupata wekundu wake kutokana na chakula, na hapo ndipo ushauri huo ulipotoka. Kasuku hutengeneza rangi zake nyekundu na njano mwilini mwake, rangi ziitwazo psitakofulvini, na haziongezeki kwa kula mboga za rangi hiyo.

Kijani cha dume ni mchanganyiko wa vitu viwili: rangi ya njano iliyomo kwenye unyoya, na umbo la ndani la unyoya linalotawanya mwanga na kurudisha buluu. Chini yake kuna rangi nyeusi inayomeza mwanga uliobaki. Chukua unyoya mmoja wa kijani uliodondoka uutazame mwanga ukiwa nyuma yako, kisha uinue dhidi ya dirisha mwanga upite ndani yake. Safari ya pili kijani kinatoweka, unabaki na ukahawia uliofifia. Hivyo umbo la ndani likiharibika, au njano ikikosekana, kinachobaki machoni ni ule weusi wa chini.

Sasa sababu. Ndege aliyelowa huonekana mweusi kwa muda, akikauka hurudi. Manyoya yaliyochakaa kwa kuchelewa kubadilika, au yanayoshikwashikwa kila siku na mikono yenye mafuta, hupata weusi kwenye ncha tu. Weusi unaofunika unyoya mpya mzima ni habari nyingine: lishe duni, ini lenye matatizo, au ugonjwa wa virusi wa mdomo na manyoya, ambao huambukiza kasuku wengine. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, apimwe damu, na atengwe na wenzake mpaka majibu yatoke. Hata sababu ikiondolewa leo, unyoya ulioota mweusi utabaki mweusi hadi udondoke na kuota mwingine. Miezi miwili haitoshi kuamua lolote.

SWALI: Dume wangu ana mwaka mmoja. Anakunja na kukunjua vidole kwa mapigo, tap tap, hata usiku, na bawa moja humruka lenyewe. Nampa chakula bora kabisa cha kiwandani chenye vitamini zote, na matone ya vitamini kwenye maji. Anakosa nini?

JIBU: Huenda hakosi kitu; huenda amezidishiwa. Dalili hizi mbili, kugonga vidole na kurusha bawa, zinajulikana sana kwa eklektusi kuliko kasuku wengine. Wafugaji wazoefu na madaktari wengi wa ndege wanazihusisha na vyakula vilivyoongezwa vitamini na madini, rangi za bandia, na nyongeza zinazorundikwa juu ya nyongeza. Upungufu wa kalsiamu na sumu ya metali nazo huweza kuleta mapigo ya misuli, ndiyo maana hatushauri kubahatisha.

Anza hivi. Acha matone ya vitamini leo hii. Maji yawe maji matupu. Ondoa punje za kiwandani zenye rangi, biskuti, mkate wa dukani na kitu chochote chenye neno "imeongezewa" kwenye pakiti. Andika kila anachokula kwa wiki mbili, na andika saa ambazo dalili hutokea. Mchukue video ya nusu dakika, kwa kuwa mbele ya daktari mara nyingi ndege hugoma kuonyesha. Daktari apime kalsiamu kwenye damu, na akiona haja, risasi na zinki. Usiongeze kalsiamu kwa makisio yako kabla ya kipimo: ikiwa tatizo ni wingi, utamwongezea mzigo.

Msituni chakula chake ni matunda, tini za mwitu, maua, machipukizi na njugu. Kwa ndege wa gramu 450, anzia gramu 60 hadi 80 za chakula kibichi na kilichopikwa kwa siku, zigawanywe asubuhi na jioni. Nusu iwe mboga: boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyopikwa, karoti, pilipili hoho, majani ya kijani kibichi. Robo iwe matunda, na hapo papai, embe, tini na komamanga hupendwa sana. Robo inayobaki iwe kunde, dengu au choroko zilizopikwa laini au kuchipuliwa, na nafaka isiyokobolewa. Mbegu kavu zisizidi kijiko kimoja cha chai, lozi moja au mbili zitumike kama zawadi. Wanaompa bakuli la alizeti siku nzima humletea mafuta kwenye ini na upungufu wa vitamini A. Upungufu huo huanza kimya: chafya, utando mweupe mdomoni, na vile vijino vidogo vya nyama kwenye ufa wa kaakaa, ambavyo kwa ndege mzima vimechongoka, vinakuwa butu. Chakula kibichi kisikae kwenye bakuli zaidi ya saa tatu kukiwa na joto.

Mpime uzito kila asubuhi kabla ya kula, baada ya choo cha kwanza, kwa mizani ya gramu. Akipungua asilimia 10 ya uzito wake wa kawaida, usisubiri dalili nyingine.

SWALI: Ni vitu gani vya jikoni vya kuogopa?

JIBU: Parachichi, chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu, chumvi na mbegu za tofaa. Kingine ambacho wengi hawakijui ni moshi wa sufuria na kikaango kisichoganda chakula: utando wake ukipata joto kupita kiasi hutoa gesi ambayo mtu haioni na ndege hufa nayo kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili. Kasuku na jiko visikae sehemu moja isiyotenganishwa na mlango.

SWALI: Jike wangu wa miaka mitatu alikuwa mpole. Sasa anaingia kabatini, anachana karatasi, na nikimtoa ananing'ata hadi damu. Amekuwa mkali milele?

JIBU: La. Amepata shimo la mti, kwa macho yake. Eklektusi hufikia utu uzima akiwa na miaka miwili au mitatu, na jike akiona mahali penye giza, pembamba, penye mlango mmoja, mwili wake unaanza kujiandaa kutaga na yeye anaanza kulinda. Kumtoa kwa mkono ndiyo hasa kumshambulia langoni mwake. Adhabu na makelele humthibitishia tu kuwa kuna adui.

Funga kabati, na kila upenyo wa aina hiyo: chini ya kochi, nyuma ya vitabu, ndani ya boksi, hata kibanda cha kitambaa ndani ya kitundu chake, yaani kizimba anamofugiwa. Mpe giza na utulivu wa saa 12 hadi 14 kila usiku kwa wiki kadhaa, maana mchana mrefu huuambia mwili kuwa msimu umefika. Punguza njugu na vyakula laini vya moto. Karatasi za kuchana ni mchezo mzuri wakati mwingine wote, lakini kwa sasa ziondoe; mpe mbao laini na matawi mabichi yasiyo na dawa atafune. Mguse kichwani na miguuni tu, kamwe si mgongoni wala chini ya mkia. Usiingize mkono ndani ya kitundu: mfundishe kupanda kijiti na kutoka mwenyewe, kisha safisha na badilisha vyombo akiwa nje. Badilisha pia mahali pa vijiti kila siku chache.

Akitaga, usiyaondoe mayai haraka. Mwili utatengeneza mengine, na kila ganda linachota kalsiamu mifupani. Mwachie, au weka ya bandia ya ukubwa uleule, mpaka ayachoke mwenyewe au siku 28 zipite. Hatari ya kuijua ni yai kukwama. Ndege anakaa chini sakafuni, amefura manyoya, anajikamua, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, miguu inalegea. Mweke mahali penye joto la nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi na umfikishe kwa daktari siku hiyohiyo. Usimminye tumbo kujaribu kulitoa, yai likipasukia ndani hatapona kirahisi.

SWALI: Nina dume na jike kitundu kimoja. Jike anamfukuza dume kwenye chakula na amemnyonyoa kisogoni. Si wanatakiwa kupendana?

JIBU: Watenganishe leo. Kwa eklektusi jike ndiye mtawala. Msituni dume huja, hutema chakula mdomoni mwa jike, kisha huondoka zake kwenda mbali. Kitundu kinamnyima kuondoka, hapo ndipo ugomvi ulipo.

Viweke vitundu viwili ubavu kwa ubavu, na nafasi ya kutosha katikati wasifikiane vidole. Kila kimoja kisipungue upana wa sentimita 90, kina cha 60 na kimo cha 120, nafasi kati ya nyuzi iwe sentimita 2 hadi 2.5, na vijiti viwe vya unene tofauti, sentimita 2.5 hadi 4. Epuka waya wenye zinki inayobanduka. Wakitakiwa kuishi pamoja, wanahitaji banda la kurukia lenye urefu wa mita 3 au zaidi, vyombo viwili vya chakula kwenye ncha mbili, na kizuizi katikati cha kumfichia dume. Pima uzito wa dume kila siku wiki ya kwanza. Kisogo chenye upara, vidonda vya vidole na gramu zinazopungua ni dalili kuwa mpango umeshindwa, hata kama mbele yako wanaonekana wametulia.

SWALI: Dume wangu ni mtulivu ajabu. Wageni wakija hatikisiki kabisa. Lakini hasemi, na ameanza kujinyonyoa kifuani. Je, amechoshwa na upweke?

JIBU: Kutotikisika huko si utulivu. Kasuku wengine wakiogopa hupiga kelele na kupepesuka. Eklektusi huganda, kama anavyofanya kwenye majani mwewe akipita. Mtazame vizuri: manyoya yamebana mwilini, mwili umerefuka na kuwa mwembamba, macho yamekodoa, na ameegemea upande wa pili. Mtu anayemsogelea na kumshika katika hali hiyo anadhani amekubaliwa. Baada ya miezi ya hofu isiyosomeka, wengi huhamishia mfadhaiko kwenye manyoya.

Kwanza jua nani amenyonyoa. Kichwa kikiwa na manyoya kamili na kifua kitupu, ni yeye mwenyewe, kwani mdomo wake haufiki kichwani. Kichwa kikiwa na upara, ni ndege mwingine au ni ugonjwa. Pili, daktari aondoe sababu za mwili kabla hujamtafutia za moyoni: damu, ini, metali, virusi, ngozi. Tatu, mnyunyizie maji ya uvuguvugu mara tatu au nne kwa wiki, asubuhi, ili akauke kabla ya usiku. Hewa kavu humwasha.

Kwa hofu, weka kitundu dhidi ya ukuta, si katikati ya chumba. Wageni wasimame mahali ambapo manyoya yake bado yamelegea, na hapo ndipo mpaka. Keti hapo dakika tano mara mbili kwa siku, ukitoa kipande cha komamanga bila kumtazama moja kwa moja. Akikipokea siku tatu mfululizo bila kuganda, sogea hatua moja.

Kuhusu kusema, eklektusi hutamka maneno kwa uwazi mkubwa, dume na jike sawa. Wengi huanza karibu na mwaka mmoja. Humwigiza mtu anayempa neno na tukio pamoja, "maji" wakati wa kubadilisha maji, kuliko anayerudia neno mara hamsini. Mwenye hofu hatasema kwanza. Tiba ya hofu itangulie.

SWALI: Nimepata mtu anayetoa kinda wa wiki sita, anasema nikimlisha mwenyewe kwa sirinji atanizoea zaidi. Nimchukue? Na niulize karatasi gani?

JIBU: Usimchukue bado. Kasuku anayejilisha mwenyewe huzoea watu vizuri kama huyo, na hakuna haja ya kuhatarisha uhai wake. Uji wa makinda unapaswa kuwa kati ya nyuzi 39 na 41 za Selsiasi. Ukipungua sana, chakula hukaa kwenye kifuko cha shingoni na kuchacha. Ukizidi 43, kifuko kinaungua kwa ndani, na tundu huonekana nje siku kadhaa baadaye, uji ukimwagika kwenye kifua. Sirinji ikielekezwa vibaya, uji huingia mapafuni, na mara nyingi kinda hufa papo hapo. Makinda wa eklektusi huachishwa polepole, wengi wakiwa na miezi minne au zaidi. Mwombe mzalishaji abaki naye, wewe umtembelee. Siku ya kumchukua, mtazame akila boga na nafaka mwenyewe, na uombe rekodi ya uzito wake wa siku saba zilizopita: usishuke.

Kuhusu karatasi, eklektusi wote wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji kibali cha nchi anayotoka, na nchi nyingi zina masharti yao ya ziada kwa anayeingia. Omba nakala ya kibali, au kama amezaliwa nchini, hati ya mzalishaji yenye namba ya pete ya mguuni. Pete iwe duara kamili lisilo na kiungo. Pete ya aina hiyo hupita mguuni kinda akiwa mdogo tu, wiki mbili au tatu, hivyo ni ushahidi kuwa alikuwa mikononi mwa mzalishaji tangu kiotani. Pete iliyokatwa na kubanwa upya, au iliyo kubwa hadi inavuka kidole, haithibitishi chochote. Soma namba mwenyewe mguuni, uilinganishe na ya kwenye hati kabla ya kutoa fedha. Kwa wale wa Sumba na Tanimbar uwe mkali zaidi: kila mmoja ana kisiwa au funguvisiwa moja tu duniani, na kuwanasa porini ni miongoni mwa mambo yaliyowapunguza. Mwenye ndege asiye na pete wala hati, hata akikushushia bei namna gani, mkatae.